Sesilia wa majini: mwongozo kamili wa kumjua na kumtunza

Kosa linaloua sesilia wengi wa majini, hao amfibia warefu wasio na miguu, huanzia dukani, kabla mnyama hajafika nyumbani, na chanzo chake ni jina. Katika maduka ya samaki wa mapambo Ulaya na Marekani, mnyama huyu huuzwa kwa jina la "mkunga wa mpira". Mnunuzi akisikia mkunga, anafikiria samaki. Anamweka kwenye tangi lililojaa maji hadi ukingoni, anamchanganya na kambare wenye miiba, na akiugua anammiminia dawa ya samaki. Baada ya majuma machache anamkuta amelala chini, mweupe na mlegevu. Wa kwanza niliyemnunua nilimpoteza hivyohivyo, na uchungu wake ndio ulionifanya nianze kusoma.

Nilichojifunza ni kwamba kila kifaa utakachonunua na kila kazi utakayofanya kuanzia leo inatokana na mwili wa mnyama mwenyewe. Ukishaujua mwili wake, tangi litajipanga lenyewe. Kwa hiyo usinunue chochote bado.

Hatua ya kwanza: mjue unayemfuga

Sesilia ni kundi la tatu la amfibia walio hai leo, pamoja na vyura na salamanda. Spishi zao zimepita 200, na nyingi huishi ndani ya udongo katika nchi za joto. Hata kwetu wapo. Nimekulia milima ya Taita, ambako ukilima shamba lenye udongo mzuri wakati wa mvua, jembe humfukua Boulengerula taitana, mnyama mwembamba mwenye pingili ambaye hapatikani mahali pengine popote duniani. Sisi watoto tulimdhani nyungunyungu mkubwa. Wakubwa walimdhani nyoka, wakamkata. Usambara na Uluguru nako wana wao. Hakuna hata mmoja kati ya hao mwenye madhara kwa binadamu, na mkulima akimwona amrudishe tu udongoni.

Ila sesilia wote wa Afrika, wakishakomaa, ni wa ardhini. Jamaa waliohamia majini moja kwa moja ni wa Amerika ya Kusini, na anayefugwa zaidi ni Typhlonectes natans. Kwao ni mito ya Cauca na Magdalena nchini Kolombia, na bonde la ziwa Maracaibo nchini Venezuela. Yuko ndugu yake, Typhlonectes compressicauda, wa bonde la Amazon na nchi za Guyana. Wanafanana kiasi kwamba wauzaji huwachanganya majina. Matunzo yao ni mamoja, hivyo usipoteze usingizi kwa hilo.

Nitaje jamaa mmoja zaidi ingawa hutamfuga kamwe, kwa sababu kila nikimfikiria nashangaa upya. Anaitwa Atretochoana eiselti, anakaribia urefu wa mita moja, na hana mapafu kabisa. Kwa miaka mingi wanasayansi walimjua kwa vielelezo viwili tu vilivyohifadhiwa kwenye makumbusho, bila kujua kwa hakika anaishi wapi. Mwaka 2011 akaonekana tena akiwa hai katika mto Madeira nchini Brazili, palipokuwa panajengwa bwawa la umeme.

Sasa turudi kwa wetu. Typhlonectes natans aliyekomaa huwa na urefu wa sentimita 45 hadi 60, unene wa kidole gumba, na rangi ya kijivu iliyokolea hadi nyeusi. Hana miguu, hana mapezi ya pembeni, hana magamba. Mgongoni upande wa nyuma ana ukingo wa ngozi uliosimama kidogo, unaomsaidia kuogelea kwa kujipinda kama mkunga. Hapo ndipo mfanano wao na mkunga unapoishia.

Anapumua hewa. Ana mapafu marefu ndani ya mwili, na lazima apande juu kuvuta pumzi, kama kamongo wa Ziwa Victoria. Mwangalie siku akipanda: hutoa pua juu ya maji, hushusha pumzi chafu kwa mkupuo mmoja, kisha koo lake huanza kupigapiga haraka haraka kama mvukuto wa mhunzi, akisukuma hewa mapafuni kidogo kidogo hadi yajae. Halafu hushuka na anaweza kukaa chini kwa muda mrefu. Samaki mwenye matamvua hana haja ya nafasi juu ya maji. Huyu asipoipata hufa maji, naam, amfibia wa majini hufa maji.

Anapumua pia kwa ngozi. Ngozi yake ni laini, ina ute, imejaa mishipa ya damu, na kilichomo majini hupita humo kuingia mwilini. Oksijeni hupita, lakini amonia, sumu itokanayo na kinyesi na mabaki ya chakula, nayo hupita, klorini hupita, dawa hupita. Nikiulizwa ni jambo gani moja mfugaji alishike, nitasema hili.

Haoni sawasawa. Macho yake ni madoa madogo yaliyofunikwa na ngozi, yanayotambua mwanga na giza. Jina lenyewe Typhlonectes ni la Kigiriki, maana yake mwogeleaji kipofu. Badala ya macho ana vipapasio viwili vidogo karibu na matundu ya pua, viungo ambavyo amfibia wengine hawana. Kwa vipapasio hivyo hunusa maji, hutambua chakula, na hata hutambua wenzake kwa harufu wanazoacha majini. Ukimtikisia mnyoo mbele ya uso asishtuke, usidhani ni mgonjwa. Harufu haijamfikia.

Na jike huzaa watoto, hatagi. Hilo nitalieleza kwa kirefu huko mbele.

Hatua ya pili: tangi na kifuniko chake

Kwa sesilia wawili au watatu, tafuta tangi lenye urefu wa sentimita 120, upana wa 45 na kina cha 50. Usilijaze. Weka maji hadi sentimita 35 hivi, ambazo kwa vipimo hivyo ni takriban lita 190. Sentimita 15 zinazobaki juu ni chumba chake cha hewa, na pia ni kizuizi cha kumfanya asifikie ukingo kirahisi. Upana una faida kuliko kina: mnyama huyu hupenda kulala chini na kufika juu bila kuhangaika.

Kisha kifuniko. Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wengi hulia. Sesilia ana nguvu zisizolingana na umbo lake. Kazi ya mwili wa ukoo wake mzima ni kupenyeza kichwa mahali pembamba na kusukuma. Kichwa chake ni kigumu kama nyundo ndogo, na kikipita, mwili wote unapita. Wangu mmoja alitoka usiku kupitia tundu la waya wa hita, pengo lenye upana wa vidole viwili ambalo nilikuwa nimesema nitaliziba Jumamosi. Nilimkuta asubuhi nyuma ya kabati, amekauka, vumbi limemganda mwili mzima. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na mimi ukuta niliujenga kwa mnyama niliyempenda.

Kwa hiyo kifuniko kiwe kizito au kiwe na vibanio vya kukibana pande zote. Matundu ya nyaya na mabomba uyazibe kwa sifongo ngumu iliyobanwa barabara, isiyoweza kusukumwa kutoka ndani. Lakini hewa ipite: kifuniko cha plastiki chenye vitundu vidogo vidogo vya ukubwa wa sindano nene kinatosha. Kabla ya kumweka mnyama, jaribu mwenyewe. Pengo lolote linaloingia kidole chako kidogo ni mlango.

Hatua ya tatu: ndani ya tangi

Chini weka mchanga laini, unene wa sentimita tatu hadi tano. Kokoto zenye ncha humkwaruza, na ngozi iliyokwaruzwa ni mwanzo wa kuvu. Baada ya mchanga, maficho. Mchana mnyama huyu hutaka kuguswa pande zote na kitu: tope, mizizi, shimo. Akikosa, huzunguka tangi bila kutulia na hula vibaya. Mimi hutumia vipande vya bomba la plastiki la maji vyenye kipenyo cha inchi moja na nusu hadi mbili, vilivyosuguliwa kingo kwa msasa. Weka vingi kuliko idadi ya wanyama. Utawakuta wamejazana watatu kwenye bomba moja huku mengine yako wazi. Ndivyo walivyo.

Gogo lililolowekwa hadi likazama na mimea inayoshikamana na gogo hufaa. Mimea ya kupandwa mchangani wataing'oa yote ndani ya juma moja. Taa iwe hafifu, au usiweke kabisa.

Hita ni hatari usipoikinga, kwa kuwa mnyama hupenda kujizungushia vitu na ataungua bila kujinasua. Ifunike kwa kikapu chake cha plastiki, au tumia ile inayokaa nje ya tangi kwenye bomba la chujio. Joto la maji liwe nyuzi 25 hadi 28, na kipimajoto kikae upande wa pili wa tangi, si kando ya hita.

Chujio liwe kubwa kuliko linalopendekezwa kwa tangi la ukubwa huo, ila mkondo wake usiwe mkali. Kwao maji hutembea taratibu. Elekeza maji yanayorudi kwenye kioo au yapitishe kwenye bomba lenye vitundu vingi. Mdomo wa kunyonya uvike sifongo, la sivyo siku moja utafungua chujio ukute mtoto wa sesilia ndani.

Hatua ya nne: maji, na subira

Tangi jipya lisikae mnyama kwa majuma manne hadi sita. Katika muda huo bakteria wanaokula uchafu wanajijenga kwenye sifongo za chujio: kundi la kwanza hugeuza amonia kuwa nitriti, kundi la pili hugeuza nitriti kuwa nitrati. Ili waanze, wape chakula, yaani amonia kidogo au vipande vya chakula cha samaki vinavyooza. Pima kila baada ya siku chache kwa vipimo vya matone. Mwanzoni amonia itapanda, halafu nitriti, kisha zote mbili zitashuka hadi sifuri na nitrati kuanza kuonekana. Hapo tu ndipo tangi limeiva.

Usifupishe hatua hii hata muuzaji akikuhakikishia vinginevyo. Yule wangu wa kwanza niliuziwa pamoja na tangi siku moja. Kwa samaki mwenye magamba amonia ni sumu. Kwa mnyama ambaye ngozi yake ni pafu la pili, ni kumvalisha sumu.

Baada ya hapo, viwango vya kushikilia ni hivi: amonia sifuri, nitriti sifuri, nitrati isizidi miligramu 40 kwa lita na ikiwezekana iwe chini ya 20, pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, kati ya 6.5 na 7.5. Kila juma toa robo ya maji hadi theluthi, uweke mapya yenye joto lilelile. Maji ya bomba yatie kwanza dawa ya kuondoa klorini. Zamani tuliambiwa tuache ndoo wazi usiku kucha klorini ijiendee. Miji mingi siku hizi hutumia kloramini, ambayo haiondoki kwa kusubiri.

Sifongo za chujio zioshwe ndani ya ndoo ya maji yaliyotoka tangini. Ukiziosha bombani utawaua bakteria uliowangoja majuma sita.

Hatua ya tano: kuchagua na kumleta nyumbani

Uliza kwanza kama amezaliwa kwa mfugaji. Jibu likiwa ndiyo, umepata pumziko, kwani waliokamatwa mtoni hufika wamechoka, wana minyoo na majeraha ya nyavu. Tafuta mnyama mwenye mwili wa mviringo uliojaa. Akiwa bapa ubavuni au mifupa ya kichwa imejichora, ameshinda njaa siku nyingi. Ngozi iwe nyororo yenye mng'ao, bila vishungi vyeupe kama pamba na bila vidonda vyekundu. Ukimgusa ajipinde na kuondoka. Muombe muuzaji amlishe mbele yako. Anayekula dukani atakula na kwako.

Kwa walio Kenya, Tanzania au Uganda, mnyama hai wa kigeni haingizwi bila kibali cha serikali, na ninawasihi msijaribu njia ya mkato. Ugonjwa mmoja ukivuka na maji ya mfuko wa plastiki unaweza kufika kwa vyura wa Usambara na Uluguru ambao hawapo kwingine.

Msafirishe ndani ya chombo cha plastiki chenye kifuniko cha kubana, maji machache na nafasi kubwa ya hewa, ndani ya boksi linalotunza joto. Wavu wenye mafundo usiutumie. Mwingize chomboni kwa kumsukuma polepole. Ukilazimika kumshika, lowesha mikono au vaa glavu zisizo na unga. Anateleza kupita kiasi, na akianguka sakafuni ni hasara.

Kabla ya kumchanganya na wengine, mtenge kwenye tangi dogo lake peke yake, na vifaa vyake peke yake, kwa miezi miwili hadi mitatu. Katika muda huo mpeleke kwa daktari wa mifugo anayejua amfibia amchukulie sampuli ya ngozi. Kuvu wa kitridi, aliyemaliza vyura wengi duniani, amekwisha kupatikana kwa sesilia wa majini wanaofugwa. Si hofu ya vitabuni.

Wenzake tangini wawe sesilia tu. Samaki wadogo ataanza kuwala usiku mmoja. Samaki wakali watamdonoa ngozi. Na kambare wadogo wenye miiba ya mbavuni ndio wabaya zaidi: sesilia humdaka kwa harufu bila kuona, mwiba ukakwama kinywani, wakafa wote wawili.

Hatua ya sita: kulisha

Chakula cha msingi ni nyungunyungu. Kama una bustani isiyopuliziwa dawa, chimba mwenyewe. Kama huna uhakika wa udongo, nunua wale wa chambo cha wavuvi. Waoshe, wakate vipande kwa wanyama wadogo, waache wazima kwa wakubwa. Badilisha kwa kamba wabichi waliomenywa, vipande vya samaki mweupe, na vile viluwiluwi vyekundu vya wadudu wa majini vinavyouzwa vimegandishwa. Nyama ya ng'ombe na mafuta yake usimpe. Waliokomaa wale mara mbili au tatu kwa juma, watoto kila siku au siku moja baada ya nyingine.

Lisha jioni taa zikiwa zimezimwa. Shika kipande kwa kibanio kirefu cha plastiki, kiache karibu na mlango wa bomba, usubiri. Kwanza kichwa kitatoka, kitapepesuka kushoto na kulia kikinusa. Kisha ghafla atadaka. Meno yake ni madogo lakini makali, taya la juu lina safu mbili, na sesilia wana misuli ya ziada ya kufunga taya ambayo wanyama wengine wenye uti wa mgongo hawana. Kipande kikiwa kikubwa atakiuma na kujizungusha kama parafujo hadi kikatike. Kwa mara ya kwanza utadhani ana kifafa. Ni mlo tu.

Wakiwa wengi, weka chakula pembe tofauti kwa wakati mmoja. Harufu ya nyama ikishaenea majini hawatofautishi mnyoo na ubavu wa jirani, nao huumana. Baada ya saa moja ondoa mabaki yote kwa mpira wa kunyonya. Kipande kimoja cha kamba kilichosahauliwa chini ya gogo kinaweza kupandisha amonia ndani ya siku mbili.

Hatua ya saba: kumwangalia kila siku

Mnyama anayejificha mchana kutwa unamjuaje hali yake? Kwa mazoea. Dakika kumi kila usiku, tochi nyekundu mkononi, utajua mwendo wake, bomba analopenda, mara ngapi anapanda kuvuta hewa. Mabadiliko ya mazoea hayo ndiyo dalili ya kwanza. Mara moja kwa mwezi mpime uzito: weka chombo chenye maji juu ya mizani ya jikoni, irudishe sifuri, mwingize. Andika kwenye daftari. Uzito ukishuka miezi miwili mfululizo kuna jambo, hata kama anakula.

Utaona vipande vya ngozi nyembamba kama karatasi vikielea. Usiogope, anajivua ngozi, na hufanya hivyo mara kwa mara. Cha kuogopa ni ngozi inayong'ang'ania ikiwa nyeupe siku kadhaa, vishungi vya pamba, vidonda, tumbo lililovimba, kuelea upande upande, au kukaa juu ya maji saa nzima bila kushuka.

Ukiona mojawapo, la kwanza ni kupima maji, la pili ni kubadilisha nusu yake, la tatu ni kumpigia daktari simu. Katika uzoefu wangu, la pili peke yake limewaokoa wengi kuliko dawa yoyote. Usitie chumvi kwa kipimo cha samaki. Usitie dawa yoyote yenye shaba. Dawa za samaki zimepimwa kwa viumbe wenye magamba, na kipimo kinachomponya samaki kinaweza kumuua sesilia usiku huohuo. Kuvu wa kitridi hutibika, madaktari wa bustani za wanyama wamewahi kuwatibu kwa dawa ya kuvu na hata kwa kupandisha joto la maji kwa muda maalumu, lakini hizo ni kazi za daktari, usizifanye kwa kubahatisha.

Hatua ya nane: wakizaa

Ukiwa na dume na jike waliokomaa, maji safi na chakula cha kutosha, hutahitaji ujanja wowote. Kutofautisha dume na jike ni kazi ya jicho lililozoea: mwishoni mwa mwili, upande wa chini, kuna duara jeupe kuzunguka kloaka, yaani tundu moja la choo na la uzazi, nalo kwa dume ni kubwa zaidi. Ndiyo maana ni busara kununua watatu wadogo kwa pamoja.

Dume wa sesilia ana kiungo cha kuingiza mbegu ndani ya jike, kitu ambacho vyura karibu wote hawana. Utawakuta wameungana sehemu za nyuma kwa saa kadhaa. Waache. Mimba huchukua miezi sita hadi saba, na ndani yake kuna mambo ambayo nilipoyasoma mara ya kwanza nilirudia ukurasa mara tatu. Watoto huanza kwa kula kiini cha yai. Kiini kikiisha, huota meno ya muda, mafupi na ya umbo la pekee, na kwa hayo hukwangua ukuta wa mrija wa uzazi wa mama, ambao umejaa ute wenye mafuta na lishe. Mama huwalisha kwa mwili wake kutoka ndani.

Hapo nikawakumbuka wale wa nyumbani. Boulengerula taitana hutaga mayai udongoni na mama hulala na watoto wake. Mwaka 2006 watafiti walionyesha kwamba ngozi ya mama huyo hunenepa hadi mara mbili na kujaa mafuta, na watoto huichuna na kuila kwa meno yao ya utotoni, bila kumdhuru. Mmoja hulisha kwa ngozi ya nje, mwingine kwa ngozi ya ndani. Na mwaka 2024 watafiti wa Brazili wakaeleza sesilia mwingine wa ardhini, Siphonops annulatus, anayewapa watoto wake maji mazito ya lishe yanayofanana na maziwa. Nilichokuwa nikikiita mdudu wa shambani kilikuwa mama mwenye malezi kuliko vyura wote wa bwawani.

Jike mwenye mimba hunenepa nusu ya nyuma, na siku za mwisho hula kwa shida. Kipindi hicho maji yawe safi kuliko kawaida, na sifongo ya chujio uikague upya. Watoto huzaliwa wachache, mara nyingi hawafiki kumi, lakini ni wakubwa ajabu, karibu theluthi ya urefu wa mama au zaidi. Kila mmoja hutoka na matamvua mawili mapana kama mifuko ya utando yaliyoshikamana nyuma ya kichwa. Yamemsaidia tumboni, sasa hayana kazi, na hudondoka yenyewe muda mfupi baada ya kuzaliwa. Usiyavute. Ukiyakuta yanaelea kama vipande vya nailoni, yatoe na wavu.

Mtoto huogelea mara moja na kupanda kuvuta hewa yake ya kwanza. Mimi huwahamishia kwenye tangi la pembeni lenye maji ya sentimita 15 tu, maji yaleyale ya tangi la mama, na vipande vyembamba vya bomba. Sababu ni chakula: wakila pamoja na wakubwa wataumwa. Siku moja au mbili za kwanza huenda wasile. Baada ya hapo wape nyungunyungu iliyokatwa vipande vya ukubwa wa punje ya mchele na vile viluwiluwi vyekundu, kila jioni, na ubadilishe maji kidogo kila siku.

Ukishindwa kuendelea naye

Maisha hubadilika: kazi, kuhama, ugonjwa. Tafuta mfugaji mwingine, bustani ya wanyama au chuo chenye maabara ya wanyama, na uanze kutafuta mapema kwa kuwa inachukua muda. Mtoni usimwachie kamwe. Mwaka 2019 maofisa wa wanyamapori wa Florida walimkuta Typhlonectes natans katika mfereji wa Tamiami mjini Miami, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka Kolombia. Vipimo vya vinasaba vilithibitisha spishi, na taarifa ikachapishwa mwaka 2021. Pale maji ni ya vuguvugu na chakula kipo. Huenda mtu fulani alimwacha huko akidhani anamfanyia hisani.

Hali kadhalika maji ya kila juma unayoyatoa tangini: yamwage chooni au kwenye bomba la majitaka, si kwenye mtaro wa mvua wala bustani iliyo karibu na kijito. Wavu, ndoo na vibanio viloweke kwenye maji yenye dawa ya klorini ya kufulia, visuuze sana, vikauke kabisa juani kabla ya kuvigusisha tangi jingine.